Umri wa Dunia: Ugomvi wa Dini na Sayansi, au Ugomvi wa Usomaji?

Utangulizi

Swali la umri wa dunia ni miongoni mwa maswali machache ambayo mwanafunzi wa Kenya amezoea kuyajibu mara mbili, na kila mara kwa jibu tofauti. Chini ya mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza alisoma masimulizi ya uumbaji yaliyomo katika Kitabu cha Mwanzo wakati wa kipindi cha Elimu ya Dini ya Kikristo. Kengele ilipolia na mwalimu wa Historia na Serikali akaingia, mwanafunzi yuyo huyo alisoma kuhusu binadamu wa kale ambaye mifupa yake imelala ardhini kwa mamilioni ya miaka. Aliyekuwa hodari alijifunza upesi kulihifadhi kila jibu kwa ajili ya karatasi yake ya mtihani, akavuna alama kotekote. Ni nadra sana kuulizwa majibu hayo mawili hukaaje katika kichwa kimoja.

Wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Wapo kati yetu ambao hufika chuo kikuu wakiwa tayari wameponyokwa na moja. Kuna wanaoiona dini kuwa ngano za utotoni, na kuna wanaoiona sayansi kuwa njama ya wasioamini. Hasara zote mbili ni nzito, kwani ya kwanza humnyang'anya mtu urithi wa wazazi wake, na ya pili humnyang'anya haki ya kuuliza na kupima.

Msimamo wangu katika makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu haisababishwi na maandiko matakatifu wala na miamba. Husababishwa na namna tunavyosoma. Ikiwa ndivyo, basi sisi wa Kiswahili hatuwezi kukaa pembeni na kudai kwamba hilo ni la wanateolojia na wanajiolojia. Kusoma matini, kuitambua tanzu yake, na kuuliza ilitungwa kwa lengo gani ndiyo kazi tuliyoichagua.

Wala hili si suala la kinadharia tu. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa bingwa wa kutafuta visukuku, aligundua karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mabaki ya kijana aliyeishi takribani miaka milioni 1.5 iliyopita. Mabaki hayo yanajulikana kama Mvulana wa Turkana. Mwaka 2006, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yalipokuwa yakikarabatiwa jijini Nairobi, Askofu Boniface Adoyo aliwaongoza viongozi wa makanisa ya kiinjilisti kupinga mabaki hayo yasionyeshwe kwa umma kama ushahidi wa chimbuko la binadamu. Mtafiti Richard Leakey alijibu kwa ukali. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008, na Mvulana wa Turkana akawekwa hadharani. Mzozo huo ulipoa, lakini swali lililouzaa halikupata jibu. Kila upande ulidhani kwamba upande wa pili lazima ushindwe ili wenyewe uwe na haki.

Hesabu ya miaka 6,000 ilitoka wapi?

Watu wengi huamini kwamba Biblia inataja umri wa dunia. Haiutaji. Hakuna sura wala aya inayosema dunia iliumbwa miaka mingapi iliyopita. Hesabu ya takribani miaka 6,000 ilipatikana kwa wasomaji kujumlisha umri wa mababu waliotajwa katika nasaba za Kitabu cha Mwanzo, kisha kuunganisha jumla hiyo na tarehe za wafalme zinazojulikana katika historia.

Msomaji mashuhuri zaidi katika hao ni James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh nchini Ireland. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1650, alikadiria kwamba uumbaji ulianza mwezi Oktoba mwaka 4004 kabla ya Kristo. Ussher hakuwa mjinga, bali mwanachuoni aliyebobea katika lugha za kale na kalenda za mataifa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 18, tarehe zake zilianza kuchapishwa katika pambizo za Biblia za Kiingereza. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Kilichoandikwa pambizoni na mfasiri kilianza kusomwa kana kwamba kimeandikwa katikati ya ukurasa na Mungu.

Fauka ya hayo, waliojumlisha hawakupata jumla moja. Mtawa Beda wa Uingereza, katika karne ya 8, alipata mwaka 3952 kabla ya Kristo. Wakristo wa Bizanti walipata takribani mwaka 5509, kwa sababu walitumia tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale. Katika tafsiri hiyo, Adamu alikuwa na miaka 230 alipompata Sethi, ilhali katika matini ya Kiebrania alikuwa na miaka 130. Kalenda ya Kiyahudi nayo ina hesabu yake: mwezi Septemba 2000, Wayahudi waliingia mwaka wa 5761. Ikiwa watu wa imani waliosoma maandiko yale yale wametofautiana kwa zaidi ya miaka 1,500, basi si haki kumwambia mwanafunzi kwamba akiikataa mojawapo ya hesabu hizo amemkataa Mungu.

Hali si tofauti sana kwa upande wa Uislamu. Kurani inasimulia kuumbwa kwa mbingu na ardhi kwa siku sita, lakini haitaji miaka ya dunia. Mwanahistoria al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, alikusanya mwanzoni mwa tarihi yake riwaya mbalimbali kuhusu muda wote wa dunia, nyingine zikitaja miaka 6,000 na nyingine 7,000. Karne moja baadaye, al-Biruni alizilinganisha kalenda za mataifa na kuonyesha jinsi hesabu za kuanzia Adamu zilivyopingana. Msomi huyohuyo aliyachunguza mawe ya mito ya India, akaona kwamba mawe karibu na milima ni makubwa na kadiri mtu anavyoiacha milima ndivyo yanavyozidi kuwa madogo hadi kuwa mchanga. Akahitimisha kwamba tambarare ile iliwahi kuwa bahari iliyojazwa polepole na udongo wa mito. Al-Biruni alikuwa Mwislamu, na hakuona kwamba kuyachunguza mawe ni kumkosea Muumba wake.

Somo la Tarihi ya Pate

Hapa ndipo fasihi yetu inapotupa mfano ambao, kwa maoni yangu, una thamani kuliko hoja nyingi za kuagiza kutoka ng'ambo. Kila mwanafunzi wa historia ya Waswahili anaijua Tarihi ya Pate. Masimulizi haya ya watawala wa Nabahani yaliandikwa katika miswada kadhaa, na mwanzoni mwa karne ya 20 yakachapishwa na watu kama C. H. Stigand na Alice Werner. Tarihi hiyo inaanza na kuwasili kwa Wanabahani kutoka Uarabuni katika mwaka wa 600 wa Hijria, yaani takribani 1204, kisha inawataja masultani mmoja baada ya mwingine pamoja na miaka ya utawala wao.

Je, mtu akiijumlisha miaka hiyo atapata umri wa mji wa Pate? La. Mwaka 1969, mwanaakiolojia Neville Chittick alichapisha makala akizitilia shaka tarehe za mwanzo za tarihi hiyo. Yeye alidai kwamba mji wenyewe haukuwa na umuhimu katika karne hizo za awali. Uchimbaji uliofanywa baadaye ulimsahihisha Chittick pia. Tabaka za chini za udongo wa Pate zilionyesha kwamba watu waliishi pale karne kadhaa kabla ya mwaka ambao tarihi inautaja kuwa mwanzo wa Wanabahani. Kwa maneno mengine, mji una umri mkubwa kuliko tarihi yake.

Tunasema nini basi kuhusu Tarihi ya Pate? Sijawahi kumsikia mwalimu wa fasihi akisema itupwe kwa kuwa ni uongo. Wala sijamsikia akisema udongo wa Pate ndio uliokosea. Tunachosema ni kwamba tarihi ni utanzu wenye kanuni zake. Lengo lake ni kueleza uhalali wa ukoo, kuonyesha nani ni mrithi wa nani, na kuufunga mji na asili yake ya heshima. Nasaba hurefushwa, hufupishwa, na hupangwa ili kulitimiza lengo hilo. Anayeisoma tarihi kama kalenda ameikosea heshima, kwa sababu ameitaka iseme jambo ambalo haikutungwa kulisema.

Nasaba za Biblia zenyewe zinatupa ushahidi kwamba ziliandikwa kwa kanuni za aina hii. Injili ya Mathayo, katika sura ya kwanza, imepanga mababu wa Yesu katika makundi matatu ya vizazi kumi na vinne. Ili mpangilio huo utimie, kati ya Yoramu na Uzia wameachwa wafalme watatu ambao Agano la Kale linawataja waziwazi, nao ni Ahazia, Yoashi na Amazia. Mwandishi hakusahau, na wasomaji wake Wayahudi waliwajua wafalme wao. Aliandika nasaba yenye umbo na maana, wala hakuwa akitunza rejista ya vizazi. Sasa, ikiwa nasaba ya Mathayo inaruhusu vizazi kurukwa, kwa kigezo gani tunazilazimisha zile za Kitabu cha Mwanzo ziwe saa ya kupimia umri wa miamba?

Siku moja ina urefu gani?

Hoja ya pili ya kiusomaji inahusu neno siku. Kwa msemaji wa Kiswahili, neno hili halijawahi kuwa na urefu mmoja. Tunaposema siku hizi hatumaanishi saa ishirini na nne zilizorudufishwa. Tunaposema siku ya siku, kila mtu anajua kwamba kalenda haihusiki. Hata siku ya kawaida ina hesabu yake kwetu: kwa desturi ya Waswahili, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa siku mpya huingia jua linapotua. Msomaji aliyelelewa katika desturi hii haoni ajabu kwamba Kitabu cha Mwanzo hutaja jioni kabla ya asubuhi. Kinachopaswa kumshangaza ni kwamba jioni na asubuhi tatu zinapita kabla ya jua kuumbwa katika siku ya nne.

Jambo hili halikugunduliwa na wanasayansi wa leo ili kuisuta Biblia. Mtakatifu Augustino, aliyekuwa askofu katika Afrika ya Kaskazini, aliliona. Katika ufafanuzi wake wa Kitabu cha Mwanzo, alioukamilisha mwanzoni mwa karne ya 5, alisisitiza kwamba siku hizo haziwezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa kama siku zetu. Aliwaonya Wakristo pia wasiyatetee maandiko kwa madai kuhusu maumbile ambayo hata asiyeamini anaweza kuona kwamba si kweli, kwani wataifanya imani yenyewe ichekwe. Onyo hilo lilitolewa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya jiolojia kuwa taaluma.

Zaburi ya 90 na Waraka wa Pili wa Petro zinafananisha miaka elfu moja na siku moja mbele za Mungu. Kurani nayo inazungumzia, katika Sura al-Hajj, siku iliyo kama miaka elfu moja, na katika Sura al-Maarij siku ambayo kadiri yake ni miaka elfu hamsini. Hata hivyo, sharti tuwe waangalifu. Wapo wanaozichukua aya hizi na kuzifanya jedwali la kuzidishia: siku sita mara elfu moja, au mara elfu hamsini. Huko ni kurudia kosa lile lile kwa namba kubwa zaidi. Tashibihi inaeleza umbali uliopo kati ya wakati wa Mungu na wakati wa kiumbe, na haikuwekwa kuwa kanuni ya hisabati.

Neno dunia lenyewe linatutega. Kwa asili yake ya Kiarabu na kwa matumizi yake katika ushairi wetu, dunia ni maisha haya ya chini yanayokabiliana na akhera, pamoja na hadaa na mapito yake. Dunia hiyo haina mawe. Anapozungumza mwanajiolojia, dunia ni sayari. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu umri wa dunia bila ya kutambua kwamba wanazungumzia vitu viwili.

Miamba inavyosomwa

Haki haitatendeka ikiwa tutawataka watu wa dini wasome kwa makini halafu tuichukulie sayansi kama kauli ya kuaminiwa tu. Sayansi nayo ina matini yake, ambayo ni miamba, na ina historia ya kuisoma vibaya na kujisahihisha.

Mwaka 1862, mwanafizikia aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin alikokotoa umri wa dunia kutokana na muda ambao tufe lililoyeyuka lingehitaji kupoa. Alipata kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Kufikia mwaka 1897 alikuwa ameipunguza kadirio hilo hadi kati ya milioni 20 na 40. Hisabati yake ilikuwa sahihi, ila alidhani kwamba ndani ya dunia joto husafiri kama katika jiwe gumu lisilosogea. Msaidizi wake wa zamani, John Perry, alionyesha mwaka 1895 kwamba dhana hiyo ikilegezwa, umri unaongezeka maradufu mara nyingi. Mwaka uliofuata Henri Becquerel aligundua unururifu, na wanasayansi wakapata saa mpya kabisa.

Saa hiyo hufanya kazi hivi. Atomu za urani hugeuka, hatua kwa hatua, kuwa atomu za risasi kwa mwendo usiobadilishwa na joto wala baridi ya miambani. Nusu ya urani ya aina ya 238 huhitaji takribani miaka bilioni 4.47 kugeuka. Ukipima ni urani kiasi gani imesalia ndani ya chembe ya madini na ni risasi kiasi gani imezaliwa, unajua chembe hiyo iliganda lini. Mwingereza Arthur Holmes ndiye aliyeifuatilia njia hii kwa bidii zaidi. Mwaka 1911 alikuwa Msumbiji akitafuta madini, akaugua malaria vibaya. Aliponea chupuchupu, na mwaka 1913 akatoa kitabu kuhusu umri wa dunia kilichotaja miamba ya miaka bilioni 1.6. Miaka mingi baadaye, mwaka 1951, ni yeye aliyeupa jina la Msumbiji ukanda wa miamba ya kale unaopita Afrika Mashariki, ambao miamba ya Kitui na Taita ni sehemu yake.

Mwaka 1956, Clair Patterson wa Marekani alipima risasi iliyomo katika vimondo, kikiwemo kile cha Canyon Diablo kilichoanguka Arizona, akapata umri wa miaka bilioni 4.55. Vipimo vya baadaye, kwa njia mbalimbali, havijausogeza umri huo ila kwa kiasi kidogo. Chembe za zikoni kutoka Jack Hills nchini Australia zina umri wa karibu bilioni 4.4. Hapa kwetu, miamba ya kale ya eneo la Migori ina zaidi ya bilioni 2.5. Hata Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo ulikuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona wanasayansi hubadilisha namba zao? Jibu bora liko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mwaka 1970, maabara moja ya Uingereza ilitangaza kwamba tabaka la majivu ya volkeno liitwalo KBS lilikuwa na miaka milioni 2.61. Miaka miwili baadaye, Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu ambalo sasa linajulikana kwa namba 1470, vikiwa chini ya tabaka hilo. Fuvu likatangazwa kuwa la kale kupita kiasi. Waliotia doa furaha hiyo walikuwa nguruwe. Meno ya nguruwe wa kale yaliyopatikana chini ya tabaka la KBS yalifanana na meno kutoka bonde la Omo nchini Ethiopia ambayo yalijulikana kuwa na miaka takribani milioni mbili tu. Palizuka ubishi wa karibu muongo mzima. Hatimaye ikabainika kwamba majivu yale yalikuwa yamechanganyika na chembe za volkeno za zamani zaidi, na vipimo vipya vya mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikatoa umri wa takribani milioni 1.88.

Wapo wanaokitumia kisa hiki kusema sayansi haiaminiki. Mimi nakisoma kinyume. Watu wenye majina makubwa walikuwa wamefungamana na namba moja, na meno ya nguruwe yakaiangusha. Marekebisho yenyewe hayakuishusha namba kutoka milioni mbili hadi elfu sita, bali kutoka milioni 2.61 hadi milioni 1.88. Msomaji anayekubali kusahihishwa na matini ni msomaji wa kuaminika, awe amevaa joho la kasisi au koti jeupe la maabara.

Pingamizi mbili

Najua kuna watakaosema: ukikubali kwamba siku sita si siku za kawaida, nini kitakuzuia kusema kwamba ufufuo nao ni tamathali? Hofu hii ni ya kweli na haifai kukejeliwa. Muumini haogopi namba. Anaogopa kwamba uzi mmoja ukivutwa, vazi zima litafumuka. Lakini usomaji makini ndio unaouzuia uzi huo usivutwe ovyo. Anayejua kutofautisha tarihi, zaburi, fumbo na ushuhuda hasemi kwamba kila kitu ni tamathali. Anaipima kila matini kwa kanuni zake. Aidha, historia haiithibitishi hofu hiyo. Augustino hakuacha Ukristo kwa kuzitafakari siku sita. Mwaka 1951 Papa Pius XII, akihutubia Akademia ya Sayansi ya Vatikani, alitumia makadirio ya mabilioni ya miaka bila ya kuona kwamba yanaitikisa imani. Georges Lemaître, aliyekuwa wa kwanza kupendekeza kwamba ulimwengu ulianza kutoka hali moja iliyosongamana, alikuwa kasisi Mkatoliki.

Pingamizi ya pili inatoka upande wa pili. Kuna wasomi wanaodhani kwamba mara tu namba bilioni 4.5 inapotajwa, suala la Mungu limefungwa. Hao nao wanasoma vibaya. Chembe ya zikoni inaweza kutuambia iliganda lini. Haiwezi kutuambia kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo kitu, wala kama maisha ya binadamu yana wajibu. Anayelilazimisha jiwe litoe fatwa hana tofauti na anayeilazimisha nasaba itoe tarehe. Wala sivutiwi na wale wanaotafuta atomu na mlipuko mkuu ndani ya aya takatifu ili waonekane wa kisasa. Namba za sayansi zikirekebishwa kesho, watakuwa wameifunga imani yao kwenye mashua iliyokwisha ng'oa nanga.

Wajibu wetu

Kwa kuwa suala hili ni la usomaji na la lugha, kuna mambo matatu ambayo nadhani chama chetu na idara zetu zinaweza kuyatenda bila kusubiri amri ya wizara.

Kwanza, katika kozi za fasihi simulizi na nadharia ya tanzu, tuyasome masimulizi ya uumbaji bega kwa bega: ya Biblia, ya Kurani, ya Gĩkũyũ na Mũmbi, na ya jamii nyingine zetu. Tuyasome kwa heshima, tukiuliza kila moja linataka kumwambia nini msikilizaji wake. Mtoto anayeitikia "pakawa" fanani anaposema "paukwa" tayari ameingia katika mapatano kuhusu aina ya ukweli utakaofuata. Mwanafunzi wa chuo kikuu asiwe nyuma ya mtoto huyo.

Pili, tuandike sayansi kwa Kiswahili. Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Istilahi kama kisukuku, unururifu, tabaka na kimondo tunazo, lakini nyingi hulala kamusini kama silaha ghalani. Maelezo yanayowekwa mbele ya visukuku, vipeperushi vya makumbusho na vitabu vya ziada vya shule vyastahili Kiswahili kinachosomeka. Mhubiri na mwanasayansi wanaozungumza kwa lugha mbili tofauti hawawezi hata kugombana vizuri, sembuse kuelewana.

Tatu, tuwasaidie walimu. Wengi wetu tutahitimu na kufundisha shuleni, baadhi yetu tukiunganisha Kiswahili na Elimu ya Dini au Historia. Mwanafunzi akituuliza ni jibu lipi la kweli, tusimwambie aandike lile linalotakiwa na mtahini. Tumwonyeshe kwamba mwandishi wa Kitabu cha Mwanzo na mpimaji wa zikoni hawajibu swali moja, kisha tumfundishe kuyatambua maswali hayo.

Hitimisho

Pate iko pale ilipokuwa, na udongo wake una umri mkubwa kuliko tarihi yake. Tarihi nayo bado inasomwa, na hakuna mpenzi wa Kiswahili anayetaka ipotee. Tumeweza kuishi na vyote viwili kwa sababu tumejifunza kwamba jembe la mwanaakiolojia na kalamu ya mwanatarihi havichimbi shimo moja. Ikiwa tumelikubali hilo kuhusu mji mmoja wa visiwani, sioni sababu ya kulikataa kuhusu dunia nzima. Dunia ina takribani miaka bilioni 4.5, na mwanafunzi anaweza kuijua namba hiyo na bado akaenda kanisani au msikitini bila kuona haya. Walimu wake ndio wanaopaswa kumwambia hivyo waziwazi, na kwa lugha anayoielewa.